Hojaji Iliyokataa Kusindikizwa

Mimi ni daktari wa aina ambayo, mtu akianguka njiani, si wa kuitwa. Nimesomea uchumi wa afya. Mbele ya mtu aliyezimia ninachoweza kufanya ni kukadiria umbali wa kufika hospitali, na nani katika familia yake angemudu kumpeleka. Marehemu mama yangu hakuwahi kulikubali hili. Aliwatangazia majirani kwamba mwanawe amerudi daktari, na majirani wa Mji Mkongwe, ambao mara zote wana kifundo kilichovimba au kikohozi kisichosikia dawa, wakawa wananisubiri barazani kila asubuhi. Niliwaeleza kuwa mimi ni daktari wa hesabu za afya. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepelekwa sokoni kununua nyama akarudi na picha ya ng'ombe.

Kazi niliyopewa miaka michache iliyopita ilikuwa nzuri kuliko stahili yangu. Ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, mjini na mashamba, kuuliza nani anaugua, anaugua nini, na anapata matibabu au hapati. Nilitunga hojaji mwenyewe. Nilifundisha kundi la wadadisi, wengi wao wanafunzi waliomaliza chuo, nikawapa vishikwambi na mwongozo wa kurasa nyingi. Katika mwongozo ule nilipanga kila kitu: namna ya kubisha hodi, mahali pa kuvua viatu, lini kukubali chai na lini kuikataa kwa adabu. Swali la afya niliweka la kwanza kabisa, kabla mtu hajachoka kuulizwa.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo niliipenda zaidi. Ilisema: mdadisi asikubali kusindikizwa. Kila aliyekulia kisiwani anajua kwa nini niliiweka. Kwetu mgeni haondoki peke yake. Ukiaga, mwenyeji naye anasimama, anatafuta kandambili, anatoka nawe hadi kwenye ua, kisha hadi kisimani, kisha hadi barabarani, na kila mkisimama kuagana mazungumzo yanaanza upya. Nilipiga hesabu nikaona kusindikizwa kunakula siku nzima ya kazi. Kwa hiyo niliwatungia wadadisi sentensi ya kujiokoa: "Tafadhali usijisumbue, njia tunaijua." Niliwafanyisha mazoezi ya kuitamka kwa tabasamu. Nilijiona nimeleta mapinduzi.

Majibu yalipokusanywa, yalitoa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Watu wa mashariki ya kisiwa, wakulima wa mwani na wavuvi, watu ambao kwa kila kipimo cha mali walikuwa chini, walionekana wazima kuliko watu wa mjini. Presha mjini ilikuwa tele, mashariki haba. Kizunguzungu, kichwa, miguu kufa ganzi, vyote vilikuwa vya mjini. Mtafiti mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi. Niliandika aya ndefu kuhusu samaki wabichi, upepo safi na faida ya kutembea majini, aya ambayo mpaka leo nikiikumbuka nahisi masikio yanapata moto.

Niliwasilisha ripoti katika ofisi moja mjini, mbele ya mkurugenzi wa mambo hayo na wajumbe wake. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kiua iliyopigwa pasi vizuri, asiyepandisha sauti hata akikukatalia. Alitazama mchoro wangu ukutani kwa muda.

"Kwa hiyo, daktari, huko mashariki watu wazima?"

"Kwa mujibu wa takwimu, naam."

"Basi yule muuguzi wa presha na sukari tuliyempeleka kule mbele ya Chwaka, na mashine zake, na dawa zake, anamtibu nani? Hapa mjini foleni inatoka nje ya mlango."

Wajumbe wakaguna kwa kukubali. Mmoja akasema ni heri huduma iwafuate wagonjwa walipo. Ilikuwa sentensi yangu mwenyewe, nimeiandika katika ukurasa wa kwanza. Ikaamuliwa kwamba kikao cha mwezi ujao kitapitisha rasmi: muuguzi na vifaa vyake warudishwe mjini. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye hekima, na nilipotoka nilinunua halua kilo nzima kwenda kujipongeza nyumbani.

Halua ilikuwa haijaisha alipofika yeye.

Ilikuwa baada ya alasiri, nimekaa barazani kwangu na kikombe cha kahawa. Mwanamke wa umri wangu, buibui jeusi, kikapu cha sokoni Darajani mkononi chenye vitunguu na kipande cha papa mkavu kilichojitambulisha kabla yake, akasimama mbele yangu.

"Hodi. Wewe ndiye daktari wa karatasi?"

"Ndiye. Karibu."

"Hujambo, daktari?"

"Sijambo, alhamdulillah."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

"Na kazi?"

"Nzuri, tunashukuru."

"Mashallah," alisema, akaweka kikapu chini. "Mie ni muuguzi wa kule mbele ya Chwaka. Nimesikia umeandika kwamba kijiji changu chote kizima. Nikasema lazima nije nimuone kwa macho huyu mganga aliyewaponya watu wangu bila kidonge."

Nilimkaribisha halua. Alikula, kwa sababu hasira ni kitu kimoja na halua ni kitu kingine. Akanieleza kwamba benchi la kituo chake linajaa kila asubuhi, na kwamba wanaokuja ni sehemu ndogo tu ya wanaopaswa kuja. Nikamwambia, kwa sauti ile ya upole inayowaudhi watu, kwamba wanaokuja kituoni si sampuli.

"Si nini?"

"Sampuli, dada. Ukitaka kujua mchuzi umekolea chumvi, huchoti pembeni peke yake. Unakoroga kwanza, ndipo unaonja."

"Na wewe ulikoroga?"

"Nilikoroga."

"Ulikoroga kwa mwiko gani? Maana mchuzi nnaoujua mie una chumvi ya kumtoa mtu machozi." Akajipangusa vidole. Sauti yake ikabadilika, haikuwa tena ya mzaha. "Sikiliza. Mie mjini sina tabu napo, nina dada yangu Kikwajuni, ntalala vizuri. Lakini wale wazee nikiwaachia, unadhani watafuata vidonge huku mjini kila mwezi? Hawatafuata. Watakaa. Watakaa mpaka siku ya kubebwa, na wengine hawatofika."

Nilisema takwimu hazina chuki na mtu.

"Basi njoo Jumatano," akasema. "Njoo bila kishikwambi. Na usile, utakunywa chai za watu."

Akabeba kikapu chake. Nikamuaga palepale barazani, kikombe mkononi, nikamwambia njia anaijua. Alinitazama kidogo, kama anayetaka kusema neno akaliacha, akaenda zake. Sikuelewa ule mtazamo mpaka siku nyingi baadaye.

Jumatano nilikwenda. Aliniongoza moja kwa moja kwenye nyumba ya bibi mmoja mkulima wa mwani, na mlangoni niliona namba ya chaki iliyoandikwa na wadadisi wangu, bado haijafutika. Kwa hiyo nyumba hii imo katika ripoti yangu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akifumua kamba za mwani zilizojisokota, vidole vyake vikienda vyenyewe huku macho yakitutazama sisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Karibuni, karibuni, kaeni."

Nikakaa. Niliomba ruhusa, nikamuuliza swali langu la kwanza kama lilivyo katika hojaji: je, katika mwezi uliopita, amepata kuugua?

"Alhamdulillah, mwanangu, mzima. Mungu anatusitiri."

"Kichwa?"

"Kichwa cha mwanadamu hakikosi."

"Yaani kinauma?"

"Aa, hakiumi. Kipo tu."

"Kizunguzungu?"

"Uzee huo, mwanangu. Chai hii, kunywa."

Nilipita orodha yote. Hakuna kitu. Nikamgeukia muuguzi kwa uso wa mshindi, naye akawa anatazama kikombe chake kama mtu aliyeona mdudu ndani. Ushindi wangu ulidumu muda wa vikombe viwili na vipande vitatu vya muhogo. Kisha tukaaga. Nikasimama, nikatoa ile sentensi yangu niliyoitungia watu:

"Usijisumbue, bibi, njia tunaijua."

Muuguzi akanikanyaga mguu. Hakuwa amekosea hatua.

"Hee!" bibi akasema, ameshajifunga kanga ya pili. "Mgeni aondoke peke yake kama mbuzi? Majirani watanionaje?"

Tukatoka naye. Kwenye ua alizungumzia mvua. Penye kisima alizungumzia bei ya mwani, akawasema wanunuzi maneno ambayo siyaandiki. Tulipofika ukuta wa shule tukasimama kuagana, tukaagana, na hatukuondoka. Ndipo bibi akamshika muuguzi mkono, akashusha sauti.

"Mwanangu wee, kile kichwa kimerudi. Kinanipiga huku nyuma, usingizi sipati. Na juzi baharini, nimefunga kamba moja, nikiitazama naona mbili. Nikakaa majini palepale. Shoga yangu ndiye aliyenishika mkono akanitoa."

Muuguzi alimkalisha bibi kwenye kizingiti cha shule, akatoa mashine ya presha kwenye mkoba, akamfunga mkanda. Ikalia, ikasimama. Akanigeuzia ile namba niione. Nimesema mimi si daktari wa watu, lakini namba nazijua, na ile hata mimi niliielewa.

Akampa bibi dawa, akamwambia asubuhi aje kituoni, asiende baharini. Mimi nilikuwa nimesimama na ripoti yangu kichwani, ukurasa wa aya ya samaki wabichi na upepo safi.

"Bibi," nikamwambia, "mbona hukunambia kule ndani nilipokuuliza?"

Alishangaa kweli. "Kule ndani? Mwanangu, wewe ndo kwanza umekaa, chai hujagusa, nikwambie mie mgonjwa? Ntakuwa nnakufukuza. Mgeni akija anaambiwa mambo mazuri, mengine anaambiwa akishatoka."

"Na wale vijana waliokuja na vishikwambi?"

"Wale watoto wana adabu sana," alisema. "Lakini wana mbio. Niliwatoa mpaka pale mlangoni, nikataka kuwaambia, wakanambia njia wanaijua. Nikasema basi, wanaijua."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nami nilicheka, baadaye, baada ya siku kama tatu hivi.

Kuna makosa ambayo mtu anayafanya kwa kutojua, na yana unafuu wake. Langu halikuwa hilo. Mimi nilizaliwa hapa. Nimemsindikiza mgeni tangu nilipokuwa nashikwa mkono. Mama yangu mwenyewe, habari zote nzito za maisha yake alizitoa akiwa amesimama mlangoni na mtu anayeaga: nani anaposwa, nani ameachwa, uvimbe upi umemtokea wapi. Nililijua lile jambo kuliko nilivyojua chochote nilichosomeshwa. Kisha nikaenda kusoma, nikarudi, nikaliandika katika mwongozo kama tatizo la kupoteza muda.

Na mjini je? Mjini mambo yalikuwa mengine kabisa, na nilihitaji kukaa barazani kwangu mwenyewe kuyaona. Mjini presha ni mazungumzo. Wazee wa mtaani kwangu wanalinganisha vipimo vyao baada ya sala kama watu wanaolinganisha matokeo ya mpira. Yule amepanda, yule ameshuka, yule kabadilishiwa vidonge. Wanasema kwa sababu wamepimwa, na wamepimwa kwa sababu kila upande ukigeuka kuna mahali pa kupimiwa. Mtu wa mjini ukimuuliza anaugua nini, ana jina la ugonjwa, ana namba, ana karatasi. Bibi wa mashariki alikuwa na kamba moja iliyoonekana mbili. Mimi nikauhesabu ugonjwa wa mmoja, wa mwingine nikauhesabu afya, kisha nikapendekeza mwenye kidogo anyang'anywe alichonacho. Kama kuna namna ya kuzidisha tofauti ya walionacho na wasionacho kwa kutumia kalamu peke yake, mimi nilikuwa nimeigundua.

Kikao kilikuwa kimebakiwa na wiki zisizotimia tatu. Nikampigia mkurugenzi.

"Ripoti ile nnaomba niirudie," nikasema.

"Daktari, ripoti ishapigwa chapa. Nakala ziko hapa mezani kwangu, zinanukia wino."

"Ndiyo sababu nnakuomba mapema."

Akasema, kwa ule upole wake, kwamba siku ya kikao haisogei, na nitakacholeta nikilete siku ile.

Niliwaita wadadisi wangu. Niliwaambia kosa lilikuwa langu, nao walikubali haraka kupita kiasi. Tulirudi nyumba zilezile, za mashariki na za mjini, kwa utaratibu mpya. Ndani, maswali yaleyale ya mwanzo. Wakati wa kuaga, mdadisi anasindikizwa mpaka mwenyeji mwenyewe atakapogeuka, na huko njiani anauliza mara ya pili, kwa maneno yake, bila kishikwambi mkononi. Mwisho kabisa anampima presha. Muuguzi nilimwambia akae mbali na kazi ile kabisa, asifike hata karibu ya nyumba moja, kwa kuwa nilijua kitakachosemwa.

"Hunamini?" aliniuliza.

"Nakuamini sana. Ndiyo maana sitaki uonekane."

"Haya. Ntakaa kituoni kama mwali."

Siku hizo zilikuwa za furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi. Wadadisi walirudi jioni wamechelewa na mikono imejaa. Mapapai, mihogo, maboga, siku moja pweza mzima aliyefungwa kwenye jani. Kwa kanuni za utafiti zawadi hazipokelewi, na kwa kanuni za mashariki zawadi hazikataliwi, na gari letu likaamua kwa kunuka pweza. Lakini zaidi walirudi na maneno. Binti mmoja katika wadadisi wangu, ambaye awamu ya kwanza alikuwa hodari wa kumaliza nyumba nyingi kwa siku, alikuja kwangu na daftari lake akasema, "Mwalimu, leo nimefanya nyumba chache tu. Lakini leo ndo nimefanya kazi." Nilimkuta baadaye akiifuta ile sentensi ya njia-tunaijua kwenye mwongozo wake kwa kalamu nyekundu, mara tatu, kama anayeua sisimizi.

Nilipoyaweka majibu mapya juu ya yale ya zamani, mistari ilipishana. Mjini hakukubadilika sana. Watu walikuwa wameshayasema yote ndani, na huko ngazini waliongeza malalamiko ya umeme tu. Mashariki, walichokisema ndani na walichokisema njiani vilikuwa kama habari za watu wawili tofauti, na mashine ikawa upande wa njiani kila mara. Nilikaa mbele ya ule mchoro kwa muda mrefu. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kuwa nimekosea.

Siku ya kikao muuguzi alikuja, amekaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba wake mapajani. Nikasimama. Nilisema moja kwa moja: mwezi uliopita niliwaambia watu wa mashariki ni wazima, na haikuwa kweli. Nikawaonyesha mistari miwili. Nikawaeleza habari ya kusindikizwa na kanuni yangu ya kuikataa, na nilisikia mtu akicheka chini kwa chini.

"Daktari," akasema mjumbe mmoja, mzee mwenye ulimi, "mwezi uliopita ulitulisha samaki na upepo. Mwezi huu unatulisha chai na mihogo. Mwezi ujao tuje na sahani?"

Wakacheka wote. Mimi nami nilicheka, kwani nilistahili.

Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza kama muuguzi alishiriki katika kazi ile, maana ana maslahi nayo. Lilikuwa swali la haki. Nikamjibu kwamba hakukanyaga nyumba hata moja, na nikampa majina ya wadadisi awaulize mwenyewe. Akauliza kama mashine zilikaguliwa. Zilikaguliwa. Akageuza kurasa polepole, moja baada ya moja, mpaka mwisho, akarudi tena kwenye ule ukurasa wa mistari miwili.

"Marehemu mama alikuwa akikaa shamba," akasema, hakuna aliyemuuliza. "Kila Ijumaa nnakwenda kumuona. Nikimuuliza, ananambia sijambo mwanangu, nina nini mie. Kisha ananisindikiza mpaka kwenye gari." Akavua miwani, akaitazama. "Nami nishawasha injini. Anasimama pale dirishani, ananitazama. Sikuizima hata mara moja."

Hata yule mzee mwenye ulimi alikuwa anatazama meza.

Mkurugenzi akavaa miwani yake. Akasema muuguzi anabaki alipo. Akasema vijiji viwili vya jirani navyo vitafutiwe mtu na mashine, na suala la foleni ya mjini litatazamwa kwa njia nyingine isiyomnyang'anya mtu. Akasema ripoti ya kwanza isisambazwe. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akaniambia nichukue zile nakala zote niondoke nazo, maana zinamjazia meza.

Huko nyuma nikamsikia muuguzi, "Alhamdulillah," si kwa sauti ya maamkizi.

Tuliteremka ngazi, mimi nimebeba rundo la nakala kifuani kama mtu aliyeokoa vitabu vyake motoni. Nje jua kali. Muuguzi akanyoosha mkono kuaga, na safari hii nilijua la kufanya.

"Nakusindikiza," nikamwambia.

"Lahaula! Njia mie naijua, daktari."

"Najua unaijua."

Tukakata vichochoro vya Mji Mkongwe, tukapita penye maduka ya vitambaa, tukasimama mara mbili kuagana tusiagane. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Alisalimia hata watu asiowajua. Tukafika Darajani, kwenye magari ya mashamba, katikati ya kelele za wauza ndizi na wapiga debe. Gari la Chwaka lilikuwa limekaribia kujaa. Akaweka mguu kwenye ngazi ya gari, nami nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema:

"Hivi, dada. Mimi nami, siku hizi, kichwa hiki huku nyuma..."

Akateremsha mguu.

"Siku ya kwanza barazani nilikuuliza mara ngapi?" akasema. "Hujambo, sijambo. Kazi, nzuri. Kumbe!"

"Ulikuwa mgeni."

"Kaa chini."

Nikakaa juu ya gunia la mbatata la mtu. Muuza mbatata hakupinga, alisogea karibu atazame. Muuguzi akanivua kitambulisho shingoni, akanipandisha mkono wa kanzu, akafunga mkanda. Watu wakazunguka. Mashine ikaanza kubana, na Darajani nzima, nilihisi, ikanyamaza kusikiliza mkono wangu.

"Ngapi?" akauliza kondakta kutoka mlangoni mwa gari lake. "Ngapi, dada?"

Muuguzi akaitaja namba kwa sauti ya kutosha.

"Ooo!" wakasema watu, kama mpira uliogonga mwamba.

"Daktari huyu!" muuguzi akawaambia, akinionyesha kwa kidole. "Daktari mzima, anaandika vitabu vya afya, na yeye mwenyewe hajui! Jumatatu unakuja kwangu. Mbali, lakini utakuja. Usinambie njia huijui."

"Nitakuja."

"Chumvi basi, tangu leo. Na ile halua."

"Na halua?"

"Halua kwanza."

Muuza mbatata alikuwa ameshakunja mkono wa shati lake. Nyuma yake mama mwenye kikapu cha samaki alikuwa anajipangusa mkono kwenye kanga, tayari. Kondakta akapiga mluzi, akapiga tena, akateremka mwenyewe kuja kuangalia kinachomchelewesha abiria wake, naye akaulizwa kama amewahi kupimwa. Hajawahi. Akaambiwa asimame nyuma ya yule mama.

Gari la Chwaka liliondoka bila ya muuguzi, na la pili likaondoka. Alinitupia kalamu, akaniambia niandike, umri na kipimo, kila mtu mstari wake. Sikuwa na karatasi nyingine. Nikaigeuza nakala ya juu kabisa ya ripoti yangu, nikaiweka juu ya gunia, nikaanza kuandika mgongoni mwake. Ulipojaa mgongo wa ile ya kwanza, nikachukua ya pili.